Kuni za Kesho Hukaushwa na Moto wa Leo



Leo nataka tuongee kuhusu kuni. Ndiyo, kuni. Kama umekulia mjini na kwenu mnapikia gesi, nivumilie kidogo, mbele ya safari tutakutana. Ninalotaka kukuuliza halihusu jiko tu. Swali ni hili: je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo ambalo, saa ilipofika, hakuwa na uwezo wa kulifanya?

Usijibu haraka. Mimi mwenyewe nilijibu haraka, kisha nikakaa na jibu langu miezi kadhaa likinichoma.

Usiku wa Januari

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa kwa babu na bibi mkoani Njombe kusubiri matokeo. Wanaoijua Njombe wanajua baridi yake, na wanajua mvua zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Bibi alikuwa na jiko la udongo la matundu mawili, kwenye banda la nyuma ya nyumba. Juu ya jiko kulikuwa na uchaga, fito zilizofungwa pamoja zikaning'inia chini ya paa, nyeusi kwa masizi ya miaka mingi. Hapo ndipo kuni za kesho zilipokaa. Moto wa leo ukipika ugali chini, joto lake linapanda na kukausha kuni za kesho juu.

Kazi yangu ya jioni ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, kuchanja vibanzi vya kuwashia. La pili, kuvipandisha uchagani pamoja na kuni za kesho yake. La tatu, kufunika rundo la nje kwa turubai. Kazi ya dakika 15, kama hujizungushi. Bibi alinipa sheria moja tu: "Mjukuu wangu, ukishusha, pandisha." Yaani ukichukua kuni uchagani, usitoke jikoni kabla hujaweka nyingine mahali pake.

Wiki za mwanzo nilifanya vizuri. Halafu nikapata simu yenye bando, nikapata na kundi la wenzangu tuliomaliza pamoja. Tulikuwa tunabishana kuhusu matokeo, mpira, na nani anamtaka nani. Jioni ya kwanza nikasema nitapandisha kuni kesho. Jioni ya pili nikasema zilizobaki zinatosha. Jioni ya tatu hata sikusema kitu. Nilishusha za mwisho, nikapika, nikarudi kwenye simu. Na turubai nikaliacha limekunjwa pembeni, maana mchana ule kulikuwa na jua.

Babu alikuwa anaumwa tangu Krismasi. Alikuwa ameshapokea Mpako wa Wagonjwa, na kwa siku mbili hakuwa ametia kitu mdomoni. Usiku ule, kama saa nane hivi, mvua inapiga bati kwa nguvu, babu akafungua macho akasema vizuri kabisa, bila kutetereka, kwamba anatamani chai ya moto. Bibi alifurahi kama msichana. Akaniambia, "Kimbia ukawashe."

Nikakimbia. Uchaga ulikuwa mtupu. Nikatoka nje kwenye rundo, maji yanachuruzika toka kuni ya juu hadi ya chini.

Sijui nikwambieje hali ile. Nilichanja kuni ya juu nikitafuta moyo mkavu, nikapata kidogo, ukashika, ukazima. Nikamwaga mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye koroboi. Moto ukalipuka hadi nikarudi nyuma, nikasema asante Mungu. Kumbe yalikuwa yanawaka mafuta. Yalipoisha, kuni zilibaki zimeungua ngozi ya juu tu, zinatoa povu kwenye ncha. Nikapuliza hadi kichwa kikazunguka. Moshi ukajaa, machozi yakanitoka. Nikakimbia na kibati kwa jirani, nikamwamsha, akanipa makaa mekundu ya jiko lake. Nikayafukia chini ya kuni zangu. Makaa yakalia *chsss*, yakafa. Nikarudi tena kwa jirani. Safari hii yule mama, bila neno, alinijazia mikono kuni kutoka uchagani kwake na kunifunika na kanga yake.

Chai ilichemka karibu saa kumi. Bibi akaibeba mwenyewe. Babu alikuwa amelala tena. Bibi alimwita kwa upole mara mbili, mara tatu, kisha akaweka kikombe kwenye kigoda kando ya kitanda. Babu hakuamka tena kunywa. Alifariki siku iliyofuata, mchana, tukisali Rozari. Ninachokumbuka zaidi ya msiba wote ni kile kikombe, chai imepoa, imefanya utando juu.

"Hukuweza, basi huna kosa"

Elewa vizuri. Babu hakufa kwa sababu ya kukosa chai. Alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, na siku yake ilikuwa imefika. Sikuwahi kudhani nimemuua. Kilichonisumbua ni kidogo zaidi na labda ndiyo maana hakikuondoka: mtu aliomba kitu kimoja cha mwisho, kitu rahisi kabisa, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuhakikisha kinapatikana.

Binamu yangu alinifariji baada ya mazishi. Akasema, "Kuni zilikuwa zimelowa. Hakuna mtu duniani angeweza kuziwasha. Hukuweza, basi huna kosa." Na kweli, kuna kanuni ya kale ambayo hata wanateolojia wanaikubali, kwamba hakuna anayewajibika kutenda lisilowezekana. Mungu hamdai kiziwi kwa nini hakusikia.

Lakini moyo wangu haukutulia kwa faraja ile. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa imeanza kuhesabu saa nane usiku. Saa nane usiku ni kweli sikuweza. Je, saa kumi na mbili jioni?

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili. Anasema mtu akisharusha jiwe, hawezi tena kulirudisha. Hata hivyo ni lake, kwa kuwa kulirusha kulikuwa mikononi mwake. Jiwe likiwa hewani huna uwezo nalo. Kabla hujafungua kiganja, ulikuwa nao wote.

Mtakatifu Thoma wa Akwino naye, katika karne ya 13, aliuliza swali linalofanana na letu alipozungumzia dhambi ya kutotimiza wajibu. Anatoa mfano wa mtu ambaye kwa uzembe wake mwenyewe anapitiwa na usingizi na kukosa sala ya pamoja ya usiku. Amelala, hawezi kusali. Je, kosa lilianza lini? Wapo waliosema lilianza pale alipofanya lile lililomzuia. Thoma anakataa. Anasema kosa linahesabiwa saa ya sala inapofika, lakini linahesabiwa kuwa lake kwa sababu ya kile kilichotangulia. Halafu anaongeza jambo ambalo nililisoma mara tatu: mtu huyo kama angeamshwa kwa nguvu, akaenda kusali, asingekuwa amekosa wajibu wake.

Umeliona hilo? Kati ya uzembe na kosa lenyewe kuna nafasi. Jioni ya kwanza nilipoacha uchaga, nilikuwa mzembe, lakini kikombe cha babu kilikuwa bado hakijapotea. Jioni ya pili, bado. Hata jioni ya tatu, laiti ningekumbuka kabla ya kulala nikarudi jikoni, usiku ule ungekuwa tofauti. Mlango ulikuwa wazi siku tatu nzima.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, ukisoma hapa unakumbuka kitu ulichoacha, na saa yake haijafika bado, basi hili ndilo bega lako linatikiswa. Amka.

Kuni kavu ni nini hasa?

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu naamini Mungu ametuwekea katekesi huko.

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi inaweza kuwa maji matupu. Kuni nzuri ya jiko inatakiwa ibaki na maji kama asilimia 20 au chini yake. Ukiweka kuni mbichi motoni, joto lote linatumika kwanza kuchemsha maji yaliyomo ndani. Maji huwa mvuke kwenye nyuzi joto kama 100, na kuni hushika kwenye joto kubwa zaidi ya hapo, mara mbili na zaidi. Maana yake, maji yasipotoka, kuni haipandi kufika mahali pa kuwaka. Tatizo haliko kwenye kiberiti. Unaweza kumaliza pakiti nzima.

Ndiyo maana tunachanja. Gogo zima la mlingoti linaweza kukaa mwaka na bado katikati lina unyevu, kwa sababu gamba linazuia maji kutoka. Ukilipasua, unafungua njia. Bibi alikuwa na vipimo vitatu: vibanzi vya unene wa kidole cha mwisho, vijiti vya unene wa dole gumba, kisha kuni zenyewe. Chini kabisa anaweka magunzi ya mahindi au majani makavu ya msindano. Moto unapanda ngazi. Ukiruka ngazi moja, unarudi chini. Na kuni hazilazwi kwenye udongo, maana ardhi inazirudishia maji. Unaziinua juu ya magogo mawili, unaziachia nafasi ya upepo kupita, unafunika juu tu na kuacha pembeni wazi. Ukitaka kujua kama zimekauka, tazama ncha kama zimepasuka nyufa, kisha gonganisha mbili. Kavu inalia kwa sauti kali. Mbichi inalia kama kugonga ndizi.

Methali inasema palipo moshi pana moto. Usiku ule nilijifunza kwamba methali haijamaliza yote. Moshi mwingi kuliko wote hutoka pale ambapo moto unashindwa. Nikafikiria jinsi nilivyokuwa naishi imani yangu wakati ule: kwenye simu yangu naweka mstari wa Biblia kila asubuhi, wenzangu wanajibu "Amina," na mimi mwenyewe nilikuwa sijasali kwa kutulia tangu mitihani. Moshi ulikuwa mwingi. Mtu wa mbali angesema hapo pana moto.

Na yale mafuta ya taa? Nayafananisha na makongamano ninayoyapenda. Sisemi makongamano ni mabaya, mimi mwenyewe nilirudi kutoka moja nikilia kwa furaha. Lakini ukirudi nyumbani na ndani ya wiki mbili umezima, jiulize kilichokuwa kinawaka kilikuwa nini. Inawezekana yalikuwa mafuta. Kuni ilikuwa bado ina maji, imeungua ngozi ya juu tu.

Kitu ambacho jirani hakuweza kunipa

Wengi tunaujua mfano wa wanawali kumi (Mt 25:1-13). Zamani nilikuwa nawaona wale watano wenye busara kuwa wachoyo. Ni mafuta tu, kwa nini wasigawane? Baada ya usiku ule nauona kwa jicho lingine.

Jirani yangu hakuwa mchoyo. Alinipa makaa, akanipa kuni zake kavu, akanipa hata kanga. Na wale wanawali wapumbavu, tukisoma vizuri, hawakukosa mahali pa kupata mafuta. Walielekezwa kwa wauzaji, wakaenda, na waliporudi wakaomba kufunguliwa. Tatizo lao halikuwa umaskini. Walipokuwa njiani, Bwana arusi akafika, na mlango ukafungwa. Mimi pia nilipata kila kitu nilichohitaji. Nilikipata saa kumi.

Kitu ambacho yule mama hakuweza kunipa ni zile saa mbili. Mtu mwingine anaweza kukuombea, kukusaidia na kukubeba siku mbaya. Hawezi kurudi nyuma akaishi jioni zako kwa niaba yako. Mchumia juani hulia kivulini, na asiyechuma juani hakuna wa kumrudishia lile jua.

Lakini Yesu alisema tusihangaike na kesho!

Najua kuna atakayeniuliza hivi. Ni swali zuri. Yesu anafundisha kwamba kesho itakuwa na mahangaiko yake, na siku moja ina shida za kuitosha (Mt 6:34). Je, huyu bibi mwenye uchaga hana imani?

Mimi nilikaa naye, nimwelezee. Bibi hakuwa anahangaika na kesho hata kidogo. Alikuwa analala usingizi mzito. Aliyekuwa anahangaika ni mimi, na matokeo yangu ya mtihani, usiku kucha kwenye simu. Mahangaiko yangu yalikuwa kichwani na hayakukausha hata kijiti kimoja. Maandalizi ya bibi yalikuwa mikononi, ya dakika 15, kisha akaosha mikono akasali akalala. Nadhani tofauti ndiyo hiyo. Mwenye mahangaiko anaishi kesho ambayo haijafika. Anayejiandaa anatimiza kazi ya leo tu, ambayo bahati nzuri ina faida kesho. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 6, makuhani wanaagizwa kuweka kuni juu ya madhabahu kila asubuhi ili moto usizimike. Kila asubuhi. Hawakuagizwa kuweka kuni za mwaka mzima kwa siku moja.

Na tusije tukajidanganya kwamba tunaukausha moyo wetu kwa nguvu zetu halafu Mungu anakuja kumalizia tu kwa kiberiti. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2001, inafundisha kwamba hata kule kumwandaa mtu aipokee neema tayari ni kazi ya neema. Niliposoma hivyo nilikumbuka uchaga. Mimi nilikuwa nadhani nilikuwa nakausha kuni. Ukweli ni kwamba sikuwahi kukausha kuni hata moja. Nilizipandisha tu. Moto ndio ulizikausha, moto ule ule wa chini unaopika ugali wa leo. Kazi yangu ilikuwa kuzisogeza karibu na joto na kuziacha hapo.

Sala ya jioni ni kupandisha kuni. Misa ya Jumapili ambayo hukusikia chochote, ukatoka kama ulivyoingia, nayo ni kupandisha kuni. Hazikuwaka siku hiyo, na hazikutakiwa kuwaka. Zilikuwa zinakauka.

Na sisi ambao tumeshalowa?

Basi nilibeba jambo lile hadi Kwaresima. Nikaenda kitubio. Nilimwambia padre habari yote, nikaishia na kikombe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa maneno machache kwamba nimekuja kuungama usiku, wakati usiku ule nilikimbia kwenye mvua mara mbili kwa ajili ya babu yangu, na huo ulikuwa upendo. Akasema niungame zile jioni tatu.

Nililia pale kuliko nilivyolia msibani. Maana kumbe nilikuwa nimebeba mzigo usio wangu na kuuacha ulio wangu. Usiku haukuwa na dawa, kwa hiyo nilikuwa najilaumu bila mwisho. Jioni tatu za uvivu, hizo zina jina, zinaungamwa, zinasamehewa. Malipizi yangu yalikuwa kupandisha kuni kila jioni kwa wiki nzima, na kila nikipandisha nimwombee babu.

Kwa hiyo kama wewe ni kuni iliyolowa, nina habari mbili kwako. Ya kwanza ni ya Eliya juu ya mlima Karmeli (1 Fal 18:30-39). Yeye alimwagia maji kuni za sadaka mara tatu kwa makusudi, na moto wa Bwana ukateketeza sadaka, kuni, mawe, na maji yenyewe ukayaramba. Mungu hashindwi na unyevu wako. Ila usifanye mazoea ya kulowa ili kumjaribu.

Ya pili ni ya Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania aliyezaliwa 1542 na kufariki 1591. Katika kitabu chake kuhusu usiku wa giza wa roho, anafananisha roho na kipande cha kuni kinachowekwa motoni. Anaeleza kwamba moto hauanzi kwa kukifanya king'ae. Kwanza unakikausha, unakitoa maji na kukiliza. Halafu unakifanya cheusi, kibaya kutazama, hata kinatoa harufu mbaya. Baadaye ndipo unakishika, ukakigeuza kiwe moto kama wenyewe. Na ni moto ule ule tangu mwanzo, haukubadilika. Kwa hiyo kama umeanza kusali na unajiona mbaya kuliko zamani, moshi umekuwa mwingi, machozi yako karibu, usikimbie jikoni. Pengine ndiyo unaanza kukauka.

Vibanzi vyako ni vipi?

Vibanzi ni vidogo. Ndiyo maana tunavidharau. Katika Biblia zetu, neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa kile kilicho kwenye jicho la ndugu yako, wakati wewe una boriti (Mt 7:3). Tunajua sana kuona kibanzi cha mwenzetu. Cha kwetu, cha kuwashia moto, hatukichanji.

Kusema samahani leo kwa jambo dogo ni kibanzi. Siku ukikosana na mtu kwa jambo kubwa, ulimi wako utakuwa umeshazoea njia. Kurudisha chenji iliyozidi dukani, shilingi 200 tu, ni kibanzi. Siku utakapokaa kwenye kiti cha ofisi na bahasha ikapitishwa chini ya meza, hutakuwa na muda wa kuanza kujifunza uaminifu. Kumpigia simu mama bila kuwa na shida ya hela ni kibanzi pia.

Na tusiishie kwenye mifano, maana kuni nazo ni jambo la kweli. Familia nyingi za kwetu bado zinapikia kuni, na wanaovuta ule moshi zaidi ni mama zetu, dada zetu, na watoto waliofungwa mgongoni. Baba Mtakatifu Fransisko aliutaja moshi wa kupikia katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 20, kati ya mambo yanayoharibu afya za watu, hasa maskini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 mwaka 2020. Kuni mbichi zinaongeza moshi huo, kavu zinaupunguza. Kama kwenu hamjaweza kununua gesi, basi kijana wa nyumba anayechanja kuni mapema, akazikausha vizuri, akafungua dirisha la jiko, anatenda tendo la huruma kwa macho na mapafu ya mama yake. Likizo ijayo anzia hapo kabla hujatafuta utume wa mbali.

Nilirudi kwa bibi mwaka uliofuata. Sikuwahi kumwambia habari za uchaga, naye hakuwahi kuniuliza. Usiku wa kwanza tulikula, tukasali, akaenda kulala. Mimi nikabaki jikoni nachanja. Nilipokuwa napanga vibanzi juu, nikasikia sauti yake kutoka chumbani, mvua ikiwa imeshaanza:

"Umepandisha?"

"Nimepandisha, bibi."

"Haya, lala salama."

Maswali ya kutafakari wiki hii

1. Ni kosa gani najilaumu kwa "usiku" wake, wakati ninachotakiwa kuungama ni "jioni" zake?
2. Ni wajibu gani nimeuahirisha, na saa yake bado haijafika? Nani anaweza kuniamsha?
3. Kati ya yanayoonekana katika imani yangu, kipi ni moto, kipi ni moshi, na kipi ni mafuta ya taa?
4. Kibanzi kimoja nitakachochanja leo kabla ya kulala ni kipi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe uliyewaandalia wanafunzi wako moto wa makaa pwani asubuhi, wakiwa wamechoka na wamelowa, tusogeze karibu nawe. Tunakuletea jioni tulizopoteza. Tukaushe pole pole, hata tukitoa moshi. Utupe moyo wa kufanya leo kazi ndogo ya leo, ili mwenzetu akiamka usiku na kiu yake, atukute tayari. Na wale tuliochelewa kuwahudumia, uwapokee wewe mezani pako. Amina.

Usiku mwema, na kabla hujazima simu: umepandisha?